Mkono wa Mwalimu Kooni mwa Ng'ombe

Kwenye sherehe za ukoo wetu huku Meru, nikifika tu, shangazi zangu wananipokonya mwiko. Si kwamba sijui kupika. Wanajua kazi yangu. Mtu anayeshinda maabara mjini akipasua vichwa vya mbweha na nyegere waliookotwa wamekufa, nani atamwachia sufuria ya pilau? Nawaonyesha mikono, nawaonyesha kucha, wapi! "Kaa hapo na wazee upige hadithi," wananiambia. Basi nakaa na wazee, napewa soda, wenzangu wanalia na moshi jikoni. Sijawahi kulalamika.

Kazi yenyewe, ukiondoa harufu, ni udaku mtupu. Huku mlimani mtu akikutana na kijana asiyemjua hamuulizi jina. Anamuuliza, wewe ni wa kwa nani? Kijana akishataja baba na babu, mambo yote yanajulikana: walitoka upande gani, walioa wapi, nani aligombana na nani kuhusu mpaka wa shamba. Kirusi cha kichaa cha mbwa nacho nakiuliza hivyo hivyo. Hakina mdomo, lakini kinajibu. Kila kinapojinakili mwilini mwa mnyama kinakosea kidogo, herufi moja hapa, nyingine kule, na watoto wake wanarithi makosa hayo na kuongeza ya kwao. Ukisoma makosa ya kirusi kilichotoka kwa mbweha wa huku, ukayalinganisha na ya kile cha fisi wa kule tambarare, unaona nani ni ndugu, nani binamu, na nani mgeni aliyeletwa na gari.

Nikianza habari hizi huwa siachi, mnisamehe. Kusini kabisa mwa bara letu nguchiro wana ukoo wao wenyewe wa kirusi hiki, wamekaa nao miaka na miaka, na hauchangamani sana na ule wa mbwa. Popo wana jamaa zake wa zamani zaidi. Ulaya kilihamia kwa mbweha wekundu, kikasambaa msitu kwa msitu, mpaka watu wakaamua kuwarushia mbweha chanjo ndani ya chambo, kwa ndege. Siku nilipomsimulia mama hilo aliweka kikombe chini. "Mbweha anashushiwa chakula kwa ndege," akasema, "na mimi mvua ikinyesha hata bodaboda hapandi kwangu!"

Kwetu, kwa tunavyojua, kirusi kinaishi kwa mbwa. Wanyama wa porini wanakipata kutoka kwao, wanapeana kidogo, wanakufa, kinaishia hapo, mpaka mbwa mwingine akipeleke tena. Lakini kila mbweha mgonjwa tunamfuatilia, maana siku kirusi kikizoea kuishi kwa mbweha peke yao, bila kumhitaji mbwa, tutakuwa na balaa jipya kabisa. Ndiyo kazi yangu hiyo, na naipenda. Nilikuwa naipenda kutoka mbali, kwa glovu na miwani, mpaka ilipopanda mlima ikaingia uani kwa mama yangu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kahawa ikielekea mwisho wa kuchumwa. Nilikuwa kwangu Elerai, mjini, nimeinamia beseni la nguo, simu ikaita. Mama hapigi simu kuzungumza. Anapiga kutoa taarifa, kisha anakata ili salio lisiende bure.

"Ng'ombe amekabwa na kokwa la parachichi," akasema. "Nakuarifu tu."

Tangu baba afariki, mama anaishi peke yake kwenye kihamba chetu, migomba juu na kahawa chini yake, kama mababu walivyoacha. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na mtamba wa ng'ombe huyo, aliyekuwa na banda la peke yake ng'ambo ya migomba. Ng'ombe wa huku hawaendi malishoni. Wanaletewa chakula bandani: majani, migomba iliyokatwakatwa, na msimu ukikubali, maparachichi yaliyoanguka. Ndiyo maana ng'ombe wa huku wanakabwa na makokwa, na ndiyo maana kila kitongoji kina mtu wake wa kuyatoa.

Wa kwetu ni Mwalimu. Si mwalimu wa shule; ni mwalimu wa kwaya wa usharika wetu, mzee mrefu, mwembamba, mwenye mkono ambao nadhani Mungu aliuumba akifikiria koo la ng'ombe. Mtu akiona ng'ombe wake anatoa udenda na kunyoosha shingo, hamwiti bwana mifugo kwanza. Anamwita Mwalimu. Mwalimu anakunja shati mpaka begani, anashika ulimi wa ng'ombe kwa mkono mmoja, anaingiza mwingine, anafumba macho kama anayesikiliza sauti ya nne ikiteleza, kisha anachomoa kokwa na kulionyesha kwa watu. Watu wanapiga makofi. Nimeona hayo tangu nikiwa mdogo, na hata mimi nilikuwa napiga makofi.

"Mmelitoa?" nikamuuliza mama.

"Mwalimu ameingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Na mimi nimejaribu. Halitoki."

"Analia?"

"Analia tangu juzi, sauti imemkauka. Udenda unamwagika tu. Maji hataki."

Nikaacha nguo. "Mama, kuna mnyama yeyote aliyewahi kumng'ata huyo ng'ombe?"

Nikasikia anafukuza kuku.

"Kuna mbweha alipita," akasema mwishowe. "Siku nyingi. Tulikuwa ndiyo tumeanza kuchuma kahawa."

Ndipo yakatoka yote. Mbweha alikuja mchana kweupe, akakatiza uani taratibu, wala hakujali mtu, akaingia bandani na kumng'ata ng'ombe puani. Mama alimcharaza kwa fagio la chelewa akaondoka zake. Kidonda kilipona. Basi.

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia ungeanza mambo yako."

Jamani! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Binti yake anakula mshahara kwa kutafuta mbweha wanaotembea mchana bila kuogopa watu, na yeye anamfukuza mmoja kwa fagio na kunyamaza! Nilimwambia wasimguse tena ng'ombe, wasimchinje, wasubiri nifike. "Haya," akasema, "ila Mwalimu ameshanoa kisu." Akakata simu.

Niliendesha gari siku ile hata sitaki kueleza. Mtaa wa Daraja Mbili nilipiga honi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kwenye kile kipande cha udongo mwekundu chini ya kwetu gari liliteleza mpaka likageuka likatazama mjini. Nikaligeuza tena huku nikisema maneno ambayo usharika wetu haujawahi kuyasikia.

Nilikuta majirani wamekusanyika na mabeseni. Huku kwetu ng'ombe aliyekabwa huwa hafi bure. Kokwa likionekana halitoki, anachinjwa mapema na nyama inagawanywa. Mama alikuwa amesimama na gambuti zake mbele ya banda, na Mwalimu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajipepea kwa kofia. Pamoja na hasira zote zile, magoti yangu yaliinama yenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kokwa lipo. Nimeligusa kwa ncha ya kidole, ila limekaa vibaya."

Nikamtazama ng'ombe. Amepanua miguu, udenda unaning'inia mpaka chini, anafungua mdomo kulia na hakuna kinachotoka zaidi ya upepo mkavu. Kisha nikatazama mikono ya Mwalimu. Kwenye vifundo vya vidole palikuwa na mikwaruzo mibichi ya meno. Mikono ya mama ilikuwa imepasukapasuka kwa jembe na sabuni, kama ilivyo siku zote.

"Twende bombani," nikasema. "Nyote wawili. Sasa hivi."

Mate ya mnyama mwenye kichaa ukiyaosha mapema kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, unakuwa umeshajisaidia pakubwa. Nikawasimamisha kwenye bomba la tenki la maji ya mvua na kipande cha sabuni ya kufulia, nikawaambia wasugue robo saa nzima. Mama alisugua kidogo akataka kufunga bomba, anaonea maji huruma. Mwalimu akauliza robo saa itajulikanaje, maana saa yake aliivua. Nikamwambia aimbe. Akachagua wimbo wenye beti nyingi kuliko zote kitabuni, akaimba kuanzia ubeti wa kwanza, mama akaingia na sauti ya pili, na majirani wenye mabeseni wakaitikia. Nusu ya wasiwasi wangu iliyeyuka hapo hapo. Watu wanajiosha kifo mikononi na wanaimba kwa mpangilio!

Tulipokuwa bado bombani, ng'ombe alianguka. Alipiga miguu kidogo, akatulia. Mama alifunga bomba mwenyewe, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha jikoni, akalia bila sauti. Ng'ombe yule ndiye aliyekuwa akimsemesha kila asubuhi. Nilimkumbatia na yeye akaniacha nimkumbatie, jambo ambalo si kawaida yake.

Nikawaambia watu kwamba nyama hakuna. Ng'ombe huyu hakukabwa, ana kichaa cha mbwa, nitachukua kichwa nikapime, mwili utazikwa shimo refu. Mabeseni yakaanza kunung'unika. Na Mwalimu na mama waje nami hospitali wakachomwe chanjo leo leo, kwa sababu ugonjwa huu ukishaanza kujionyesha kwa mtu hauna tena dawa.

Mwalimu akacheka. Hakucheka vibaya, alicheka kama mtu anayemcheka mtoto wake. "Mwanangu, nimetoa makokwa kabla hujazaliwa. Mimi nichomwe sindano kwa ajili ya parachichi?"

"Si parachichi, Mwalimu."

"Ni parachichi. Pasua koo. Ukilikosa kokwa, naingia kwenye gari lako. Ukilikuta, naenda zangu kwenye mazoezi ya kwaya. Kesho ni sikukuu ya mavuno."

Watu wakashangilia. Mimi nikakubali haraka, na moyoni nikajipongeza. Wanyama wangapi nimewapasua? Nikavaa glovu, miwani, aproni na barakoa, nikawasogeza watu mbali, nikapasua koo.

Kokwa lilikuwepo.

Kubwa, la kahawia, limekaa pale pale alipolisema. Nililitazama na lenyewe likanitazama. Nyuma yangu palilipuka vigelegele. "Si nilisema!" Mwalimu alikuwa amesimama juu ya ndoo. "Si nilisema!" Nikajaribu kueleza: jamani, ng'ombe mwenye kichaa hawezi kumeza, koo limepooza, chochote alichotafuna kinabaki njiani. Kokwa halikuleta ugonjwa, ugonjwa ndio uliolibakiza kokwa! Nani atakusikiliza wakati kokwa lenyewe linaonekana? Mwalimu akavaa kofia yake, akamuaga mama kwa heshima, akamwambia pole sana kwa msiba wa ng'ombe, akashuka njia ya kanisani akipiga mluzi.

Mama peke yake ndiye aliyenitazama usoni. "Una uhakika?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nina uhakika, mama."

Akavaa kanga safi, akaingia kwenye gari. Kichwa cha ng'ombe wake kilikuwa nyuma, ndani ya ndoo yenye mfuniko, kimefungwa nailoni juu ya nailoni. Njia nzima hakugeuka nyuma hata mara moja. Alichomwa sindano, akamsifu nesi kwa mkono mwepesi, nikamrudisha mlimani, nami nikaenda maabara. Jua halijazama nilikuwa nimeshapata jibu: chembe za kijani zinang'aa kwenye hadubini, zimejaa ubongo mzima. Sijawahi kuchukia kuwa na haki kama siku ile.

Nikampigia Mwalimu. Nyuma yake nilisikia sauti ya tatu ikirudiarudia mstari mmoja.

"Mwalimu, nimepima. Ni kichaa cha mbwa."

"Mwanangu, kokwa tuliliona wote," akajibu kwa upole. "Hiyo hadubini yako ilikuwepo?" Akaniambia nisijitese, nije kesho kanisani, ndizi ni nyingi mwaka huu.

Nilikaa kitandani nikalia kwa hasira, kisha nikalia kwa woga. Mzee yule ndiye aliyenifundisha kuimba. Baba alipofariki, ndiye aliyesimama na kwaya kaburini mpaka udongo wa mwisho. Na sasa kirusi kilikuwa labda kinatambaa polepole kwenye mishipa ya mkono wake kuelekea kichwani, naye ananikaribisha ndizi.

Sikukuu ya mavuno huku kwetu ni siku ya furaha kuliko Krismasi, mimi nasema. Kila nyumba inaleta ilichovuna, na baada ya ibada vyote vinanadiwa uwanjani kwa ajili ya kanisa: mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, maharage, mayai, asali. Aliyeshinda haondoki bila mali yake. Na watu wakishachangamka, wanaanza kunadiana wenyewe kwa utani. Kwaya ya akina mama iliwahi kumnunua mchungaji, wakamwoshesha masufuria yote ya chakula cha mchana na joho lake limekunjwa. Hakuna anayekataa. Kilichonadiwa kimenadiwa, na ni kwa ajili ya Bwana.

Mnadishaji ni Mwalimu, miaka yote. Asubuhi ile alisimama mbele ya meza na nyundo ya seremala, suti ya kaki, na plasta mpya kwenye vifundo. Ilikuwa imewekwa vizuri. Anauza kuku huku akimsifia nasaba yake, watu wanavunjika mbavu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nimevimba macho, nawaza nimbebe kwa nguvu au vipi.

Mama akasimama. Sikujua kama atasimama.

"Mnadishaji," akaita, "mimi namtaka huyo anayenadi."

Uwanja ulilipuka. Mwalimu akainama kwa madaha, akageuka huku na huku kama kuku aliyekuwa akimuuza. "Nani anaanza? Ni mzee lakini bado anaimba!"

"Mkungu wangu wa ndizi," akasema mama.

Ilipaswa kuishia hapo, lakini usharika wetu ukichangamka haushikiki. Kwaya ya vijana wakapiga kelele kwamba Mwalimu ni wao, wanataka wampumzishe mazoezi mwezi mzima, wakatoa mbuzi. Akina mama wakasema watamvika aproni apike makande, wakaongeza magunia ya mahindi. Mama akatoa kuku wake. Vijana wakaongeza mbuzi wa pili. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya benchi, mikono kichwani. Watamchukua! Watamchukua kwa utani, wampeleke jikoni, na jua litazama hajachomwa kitu! Nikaanza kupiga kelele nielezwe utaratibu, hakuna aliyenisikia.

"Mara ya kwanza, kwaya ya vijana!" Mwalimu anacheka, nyundo juu. "Mara ya pili!"

"Natoa mtamba," akasema mama.

Hakupaza sauti. Lakini waliokuwa mbele walisikia, wakawaambia wa nyuma, na kelele zikapungua mpaka tukasikia kuku. Wote walijua ng'ombe wake amekufa jana yake. Wote walijua mtamba yule ndiye aliyebaki, ndiye maziwa ya chai ya mama mwakani, na ya miaka mingine yote. Huwezi kutoa mtamba kwa utani.

Mwalimu alibaki na nyundo hewani. Alimtazama mama, na mama akamtazama. Sijui waliambiana nini kwa macho. Wamekuwa majirani tangu wakiwa watoto. Nilichoona ni kwamba kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo, akashusha macho akatazama plasta yake.

"Mara ya tatu," akasema, taratibu. Hakugonga nyundo. Aliiweka mezani, akashuka, akapita katikati ya watu mpaka kwenye gari langu, akafungua mlango wa nyuma na kukaa, magoti kifuani.

Mama akapanda mbele, tukashuka mpaka tukaiona barabara ya lami. Kisha akaniuliza, "Mama yako amechomwa?"

"Jana."

"Inauma?"

"Haiumi, Mwalimu."

"Basi sijui nilikuwa nakataa nini," akasema, na mama akacheka kwanza, tukafuata sisi.

Mchungaji alitaka kurudisha mtamba. Mama alikataa katakata, akasema yeye si wa kuchezea mnada wa kanisa. Alisubiri nimchanje kwanza mtamba, akamkabidhi kwa mkono wake. Kuanzia hapo alikunywa chai ya maziwa ya unga na kulalamika kila siku kwamba ina ladha ya sanduku. Na Mwalimu hakukosa sindano hata moja. Walikwenda pamoja, yeye na mama, wanakaa benchi moja wanabishana kuhusu nyimbo.

Siku ya sindano yao ya mwisho nilikuwa nimeshamaliza kukisoma kirusi cha ng'ombe wetu. Nikawakuta pale bencheni.

"Haya, huyo mgeni wetu," akasema Mwalimu, "ni wa kwa nani?"

Nikawachorea kwa kidole kwenye kiganja changu. Ndugu yake wa karibu kabisa alitoka kwa mbwa wa mtaani aliyeokotwa Daraja Mbili. Binamu yao alitoka kwa nyegere wa kule tambarare. Mbweha aliyepita uani kwa mama alikuwa mpitishaji tu, amekipokea juzijuzi, kwa sababu makosa ya kirusi alichomwachia ng'ombe yalikuwa karibu yale yale ya mbwa. Hakikuwa kimepata muda wa kuizoea damu ya mbweha. Kwangu mimi hiyo ilikuwa habari njema kuliko nilivyotegemea: tukiwachanja mbwa wa mjini na wa bondeni, mbweha wa mlimani watabaki salama na wao.

Mama alisikia alichotaka kusikia. "Nilijua! Kumbe ni wa mjini. Huku mlimani hatuna tabia hizo." Nikamwambia mbwa wa mjini naye huenda aliletewa na mbwa aliyehama na watu kutoka mbali, na huyo naye na mwingine, mambo ya ukoo hayana mwisho. Alikuwa ameshaacha kunisikiliza. Anamwambia Mwalimu kwamba mbweha wetu ni watu wazuri.

Tangu hapo, Mwalimu alishika utani wa mnada na hakuuachia. Amenunuliwa, basi ni mali. Kila wiki alifika kwa mama na jembe lake begani, anabisha hodi na kusema, "Tajiri, nimekuja kazini," na kumlimia migomba. Siku moja nilipanda kumsalimia mama nikamkuta amemaliza, jasho linamtiririka, amekaa kwenye kizingiti cha jikoni. Miezi ilikuwa imepita, ile miezi ambayo kirusi kinaweza kujificha mwilini kabla ya kujionyesha, na nilikuwa nimeihesabu kimoyomoyo bila kumwambia mtu. Akaomba maji.

Nikamletea kikombe kikubwa cha bati, kimejaa. Mtu anayeugua kichaa cha mbwa hawezi kunywa maji. Ana kiu ya kufa, lakini akikisogeza kikombe karibu tu koo linajifunga lenyewe, mwili mzima unashtuka. Mimi nimeshaona. Mwalimu alipokea kikombe kwa mikono yote miwili, akakiinua, na mimi nikasimama pale pale natazama shingo yake nyembamba. Koromeo likapanda, likashuka. Likapanda, likashuka. Alikunywa mpaka tone la mwisho, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akaniona.

"Unaniangalia nini wewe?"

"Naangalia unavyokunywa, Mwalimu."

Akanitazama kidogo. Kisha akaninyooshea kikombe.

"Basi niongezee."